Kati ya Gati na Gati

"Faili lake liko wapi?"

Aliyeuliza ni tabibu kijana wa hospitali moja ya binafsi hapa Malindi. Shangazi yangu hakumjibu kwa mdomo. Alifungua mkoba wake wa ukili, akatoa kitambaa kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa akatoa daftari. Daftari la shule, lile dogo, nyuma lina jedwali la kuzidisha. Akaliweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi hati ya shamba.

Tabibu akapindua kurasa mbili, akatupia jicho saa ya ukutani, akalisukuma kando taratibu. Hakuwa na ubaya. Foleni ilikuwa imefika mlangoni.

"Haya Mama, tutaanza upya."

Wakaanza upya. Umri? Presha ilianza lini? Sukari je? Umewahi kulazwa? Vipimo ambavyo vingine tulishavilipia Amu, yaani mji wa Lamu, wiki ile ile vikaandikwa tena kwenye karatasi mpya ya maabara, na mimi nikaelekezwa dirisha la malipo.

Makala hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi. Mwanzo ilikuwa ya hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu ya hospitali za binafsi. Baadaye ikahamia kwa serikali ya kaunti. Kisha nikawa simwoni wa kukasirikiwa, na hapo ndipo usingizi uliponipaa, maana nilizoea kwamba palipo na shida pana mtu wa kulaumiwa.

## Yaliyomo daftarini

Usiku ule shangazi alipolala nililisoma daftari tangu jalada.

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wa muuguzi wa zahanati ya kijijini kwao, kisiwa cha Pate: herufi za duara, tarehe kamili, kipimo cha presha, kipimo cha sukari, metformini, dawa ya sukari, asubuhi na jioni. Anaonekana ni mtu mwenye subira. Mbele kidogo pana muhuri wa kambi ya matibabu ya siku moja iliyofanyika uwanja wa shule. Halafu mwandiko wa daktari aliyekuja na boti ya hisani, ambaye amechora mguu na kutia alama ya msalaba penye kidonda. Pana risiti ya maabara ya binafsi ya Amu iliyobanwa kwa pini, na barua ya rufaa kutoka hospitali ya umma iliyokunjwa hadi imeanza kukatika. Muuza dawa mmoja ameandika kwa wino mwekundu "1x2 baada ya chakula" bila kutaja ni dawa gani.

Katikati ya yote hayo mwanawe ameandika hesabu ya pweza.

Kaunti, wafadhili, wafanyabiashara, wote wamepita humo, kila mmoja akaandika lake akenda zake. Nikawatafuta waliojibizana. Sikuona hata mahali pamoja ambapo mmoja amemwambia mwenzake: nimempokea mgonjwa wako, nimemkuta hivi, dawa hii nimeibadilisha, mwangalie baada ya mwezi. Hata yule muuguzi wa herufi za duara, aliyeligundua jambo lenyewe mapema kabisa, hakuna aliyemrudishia habari.

Asubuhi nikamuuliza shangazi kwa nini dawa ya sukari ilibadilishwa Amu.

"Siyui, mwanangu," akasema. "Wenyewe ndio wayuao."

## Ngazi sita, na maji katikati

Mpango wa ngazi za huduma za afya tunaufahamu sote, umebandikwa kwenye kuta za zahanati Kenya nzima. Ya kwanza ni nyumbani kwa mgonjwa, ya pili zahanati, ya tatu kituo cha afya, ya nne na ya tano hospitali za kaunti, ya sita zile kubwa za taifa. Mishale inapanda vizuri. Aliyeichora hakufikiria bamvua.

Rufaa ya kutoka Pate kuja Amu huanza kwa swali la maji: yamejaa au yamekupwa? Boti ya abiria ina saa zake, na saa zake zinafuata mwezi, hazifuati kidonda. Ukikodi boti peke yako, mafuta ya mashine ni juu yako. Boti za ambulensi zipo, nazo zimeokoa wengi, wanaojifungua hasa. Lakini mtu mwenye kidonda cha mguu kisichouma, na mguu wa mwenye kisukari mara nyingi hauumi kwa kuwa mishipa ya fahamu imekufa ganzi, haonekani kuwa ni dharura. Anaambiwa aende mwenyewe.

Na akifika Amu safari haijaisha. Kutoka Amu ni boti tena hadi Mokowe, kisha gari: Hindi, Witu, Garsen, Malindi, Mombasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti vituo vyao vya afya, maduka yao ya dawa na ambulensi zao. Hospitali kuu za rufaa na sera zikabaki kwa serikali kuu. Ni mgao mzuri ukiusoma umekaa kitini. Ukiwa ndani ya gari unagundua kwamba kutoka Mokowe hadi Mombasa mgonjwa anakanyaga ardhi ya serikali nne: Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa. Kila moja ina wauguzi wake, bajeti yake, faili zake.

Kuna wanaosema dawa ni kila kaunti ijitosheleze. Nilikuwa mmoja wao, na bado nataka Lamu ipate zaidi ya ilichonacho. Lakini sensa ya 2019 iliihesabu kaunti nzima kuwa na watu 143,920, waliotawanyika kuanzia Witu hadi Kiunga. Hata hazina ikifurika, daktari bingwa wa mishipa ya damu hatakaa Amu mwaka mzima akisubiri wagonjwa wachache. Mashine zilizokodishwa kwa hospitali za kaunti zote kuanzia 2015 zilitufundisha hilo: unaweza kuileta mashine kwa meli, ila mtu wa kuiendesha ni habari nyingine.

Kwa hiyo watu wetu watavuka daima. Sitaki tena mjadala wa kuondoa kuvuka. Nataka kujua mvukaji ni wa nani akiwa bado hajafika.

## Dawa mbili

Siku chache baada ya ile hospitali ya Malindi, shangazi aliamka kwangu kabla ya alfajiri akiwa amelowa jasho. Alikuwa akimwita marehemu mumewe, akitaka kujua kama nyavu zimeanikwa.

Jirani yetu ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale takriban laki moja waliokabidhiwa mikoba ya kazi nchi nzima Septemba 2023. Akaja na leso mabegani na kile kimashine chake cha kuchoma kidole. Sukari ilisoma 2.4. Kwa asiyejua, chini ya 4 ni hatari. Tukamkorogea maji ya sukari, tukamnywesha kidogo kidogo, kisha chai na mkate wa mofa. Jua lilipochomoza alikuwa akitugombeza kwa kumjazia nyumba watu.

Hakuna daktari aliyegundua kilichotokea. Aliyegundua ni msichana wa duka la dawa, ngazi ambayo haimo hata kwenye ule mchoro wa ukutani. Nilimpelekea vidonge vyote alivyokuwa navyo shangazi. Akavipanga juu ya kaunta, akasoma nyuma ya kila paketi, akavuta mbili karibu karibu.

"Hizi alipewa na mtu mmoja?"

Nikamwambia la. Moja ilitoka visiwani, glibenklamaidi. Nyingine aliandikiwa Malindi, glimepiraidi.

"Ni za kundi moja. Zote zinalibana kongosho litoe insulini. Alikuwa anameza zote mbili?"

Ndiyo, alikuwa anameza zote mbili. Kwa nini asimeze? Kila moja aliandikiwa na mtu aliyevaa koti jeupe. Aliyeandika ya kwanza hakukosea. Aliyeandika ya pili, akiwa ameanza upya, pia hakukosea kwa yale aliyoyaandika kwenye karatasi yake; alimuuliza shangazi anatumia dawa gani, naye akajibu "za sukari", jawabu ambalo ni la kweli. Kosa lilizaliwa baharini, baina ya gati mbili, mahali pasipo na daktari wala karani.

Hapo ndipo makala ya hasira ilipoharibika.

Ni rahisi kusema serikali imeoza na binafsi wanakula watu. Nimeyasema hayo barazani na nitayasema tena. Ila daktari ambaye asubuhi unamkuta hospitali ya umma, jioni unaweza kumkuta kliniki ya binafsi, ni yule yule, kichwa ni kile kile. Kuanzia mwisho wa 2016 hadi 2017, madaktari wa umma walipokuwa wameweka kalamu chini kwa siku 100 na wauguzi wakafuata kwa takriban miezi mitano, waliokuwa na pesa walikimbilia binafsi na kwenye hospitali za dini, na nyingi zilibeba mzigo ambao hazikuumbiwa. Mambo yalipotulia, hakuna aliyeuliza wagonjwa wale walikwenda wapi na walirudi na dawa zipi. Pande hizi mbili zinaishi kwa wagonjwa wale wale na hazisalimiani.

## Jahazi la wema, na kliniki ya punda

Kwa muda nilidhani jibu ni hisani. Mtu wa Lamu hawezi kuidharau hisani. Hospitali yetu kubwa ya umma yenyewe ina jina la Mfalme Fahd wa Saudia. Mwaka 2015 Umra Omar, binti wa visiwa hivi hivi, alianzisha Safari Doctors, wakaanza kupeleka wauguzi na madaktari kwa boti hadi vijiji ambavyo gari halijui njia yake na ambavyo hali ya usalama imewafanya wengine waviogope. Chanjo, ushauri wa uzazi, vipimo, bila malipo. Ukimsikiliza mtu wa Kiwayu au wa upande wa Boni akizungumza kuhusu boti kama hizo, utanyamaza.

Nilinyamaza. Na bado wasiwasi haukuondoka, kwa sababu boti ya hisani, iwe ya nani, huja kwa kalenda. Sukari haina kalenda, inapanda na kushuka kila mlo. Aliyemwona shangazi mwezi ule aliiona hali ya mwezi ule tu. Akaandika vizuri, akachora na mguu. Kisha?

Nitoke nje ya mada kidogo. Pale ukingoni mwa mji wa Amu, tangu 1987, iko kliniki ya punda. Punda akiwa na jeraha la matandiko, au minyoo, au kwato zimepasuka, anapelekwa anatibiwa bure. Watu hucheka kwamba Amu ni heri kuzaliwa punda. Mimi pia nilicheka hadi nilipoitazama kazi yao. Punda hana rufaa. Anayempokea ndiye anayemtibu, na akirudi anarudi kwa wale wale. Hakuna anayemwambia mwenye punda kwamba minyoo ni kazi ya ofisi nyingine. Sisemi binadamu atibiwe hivyo, mwili wetu una mabingwa wengi mno na gharama zake haziwezi kubebwa na nyumba moja. Nasema tu kwamba bure peke yake haielezi kwa nini wenye punda wanaipenda.

Haya, turudi.

## Mtoto ana kitabu

Aliyenigeuza ni binti ami, muuguzi wa kaunti, mwanamke asiyependa kulalamika na asiyependa wanaolalamika. Nilimsomea rasimu yangu kwa simu, nikifika kwenye sentensi kwamba sekta hizi haziwezi kufanya kazi pamoja kwa sababu kila moja ina mabwana zake, akanikatiza.

"Ndugu yangu, mwanao wa mwisho alichanjwa wapi?"

Sindano ya kwanza Amu, hospitali ya umma. Zilizofuata Malindi, kliniki ya binafsi karibu na nyumbani.

"Kule Malindi walianza upya?"

Hawakuanza upya. Walifungua kitabu cha mama na mtoto, wakasoma tarehe, wakachoma iliyobaki, wakajaza. Chanjo yenyewe ni ya serikali, ililetwa kwenye ile kliniki na mfumo wa serikali, na idadi ya watoto waliochanjwa ikarudishwa serikalini. Mama akihama kutoka Faza kwenda Kisauni, kitabu kinaeleweka. Akienda hospitali ya misheni, kinaeleweka. Kimechapishwa, nafasi za kujaza ni zile zile nchi nzima, kila mwenye koti jeupe amefundishwa kukisoma.

"Haya. Na mgonjwa wa kifua kikuu?"

Huyo pia. Dawa zake ni bure miezi yote sita, hata akihudumiwa kwenye kituo cha binafsi kilichosajiliwa kwenye mpango. Ana kadi, ameandikwa kwenye rejista, akihama anahamishwa kwa fomu, na alikotoka hawamfuti mpaka wapate habari kwamba amefika aendako.

"Mgonjwa wangu wa kifua kikuu akipotea wiki moja, mimi napigiwa simu kutoka juu," akasema. "Shangazi akipotea mwaka mzima, nani atanipigia?"

Nikarudia kuyasikia maneno yake siku nzima.

Maana yake ni kwamba jambo hili linawezekana, na limekuwa likiwezekana mbele ya macho yetu. Sekta zote tatu, umma, binafsi na hisani, zinajua kupokezana mgonjwa. Zinampokezana mtoto mchanga na zinampokezana mwenye kifua kikuu. Zinashindwa kumpokezana mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye presha na sukari, kwa sababu hakuna popote ambapo kupotea kwake kunahesabiwa kuwa ni hasara ya mtu fulani.

Nilipomwambia binti ami kwamba basi suluhisho limepatikana, tuige tu, alicheka. Mipango ile ilijengwa kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi za nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu waliokuwa wakizijaza zile rejista walianza kurudishwa nyumbani, na tukaona jinsi nyumba iliyosimama kwa nguzo ya jirani inavyotikisika. Presha na kisukari havikuwahi kupata mfadhili wa namna hiyo. Magonjwa haya hayaambukizi, kwa hiyo hayawatishi walio mbali.

"Na hata ukinipa kitabu," akaongeza, "nani atakaa akijaze? Zamu yangu nina chanjo, nina wajawazito, nina wagonjwa wa nje, niko peke yangu. Huyo wa Malindi ulisema aliangalia saa. Mimi naiangalia saa hiyo hiyo."

Sina jawabu zuri la hilo.

## Kinacholipiwa

Sheria zipo. Oktoba 2023 zilipitishwa nne kwa mpigo: ya bima ya afya ya jamii, ya huduma za msingi, ya afya ya kidijitali, na ile inayoziruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966, ikaipisha SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya jamii. Ahadi ya ile ya kidijitali ndiyo iliyonivutia zaidi: rekodi moja ya mgonjwa itakayomfuata popote, umma au binafsi. Ikitimia kama ilivyoandikwa, daftari la shule litarudi shule.

Lakini nimeziangalia bei za SHA nikitafuta kuvuka. Kujifungua kwa kawaida, shilingi 10,000 kwa hospitali. Kwa upasuaji, 30,000. Kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo, 10,650 kila mara. Kulazwa, kiasi fulani kwa siku kufuatana na ngazi. Kila malipo yana kituo chake na kitendo chake. Muuguzi wa zahanati akiinua simu kumuuliza mwenzake wa hospitali "yule mama mlimbadilishia nini?", dakika zile kumi hazina bei. Tabibu akisoma kurasa zote za daftari kabla ya kuandika dawa, hazina bei. Akianza upya, vipimo vina bei.

Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ndivyo inavyokuwa ukinunua huduma kipande kipande.

Na wanaolipa ni nani? Wazee wetu wameona kila rangi: matibabu bure 1965, kuchangia gharama 1989, shilingi kumi kwenye zahanati na ishirini kwenye kituo cha afya 2004, bure tena kwenye ngazi hizo 2013. Sasa ngazi za pili na tatu zinabebwa na mfuko wa huduma za msingi, ukijisajili tu unahudumiwa. Kuanzia hospitali kwenda juu lazima mchango uwe umelipwa. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, haumizwi kichwa. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, halafu anapangiwa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na alipe cha mwaka mzima kwa pamoja.

Maswali yenyewe yanagusa ukuta na paa. Hapo mtu wa Amu atatabasamu. Kuna familia mjini zinaishi ndani ya nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa na mababu wa mababu, kuta nene za dhiraa nzima, milango ya nakshi, na jioni chakula ni uji. Ukuta ule hauuziki, una warithi thelathini. Na kwa upande wa pili yuko mwenye nyumba ya makuti na udongo anayemiliki mashine mbili za boti. Sijui utaulizaje swali la kuwatenganisha hawa wawili bila ya kumuuliza jirani.

Kulipa kwa mwaka ndilo zito zaidi. Mvuvi wa Pate hana mwaka mmoja, ana misimu. Kaskazi bahari ni shwari, kamba na pweza wanatoka, mkononi mna kitu. Kusi likiingia kati ya mwaka, mawimbi yanafunga mlango na wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu. Baadaye ulikuja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kukopeshwa mchango na kuulipa kidogo kidogo. Ni hatua. Ila mkopo nao una mwezi wake, na mwezi huo usiangukie Julai.

Upande wa pili wa meza, hospitali za binafsi zimekuwa zikilalamika kwamba madai yao hayalipwi kwa wakati, na mara kadhaa zimetangaza kutowapokea wenye bima bila fedha taslimu. Nawaelewa. Hospitali ndogo ya Malindi hainunui bandeji na umeme kwa ahadi. Ila fikiria mgonjwa aliyetoka Pate na rufaa mkononi, akavuka kwa boti mbili na gari, akafika siku ambayo tangazo hilo limebandikwa mlangoni.

## Tumlipie nani kwanza

Shangazi amerudi kwao. Kidonda kimefunga, ingawa kidole kimoja hakina rangi ninayoipenda. Glimepiraidi imeondolewa. Yule msichana wa duka la dawa aliandika majina ya dawa zilizobaki kwenye karatasi ngumu, kwa herufi kubwa, akatia na namba yake ya simu, na muuguzi wa zahanati ya kijijini alipoiona alimpigia siku hiyo hiyo. Wamezungumza zaidi ya mara moja tangu hapo. Hakuna sheria iliyowaamuru na hakuna anayewalipa. Mmoja ni mtumishi wa kaunti ya Lamu, mwingine ni mwajiriwa wa mfanyabiashara wa kaunti ya Kilifi. Nilimwambia binti ami nikidhani atafurahi. Akasema inapendeza, ila msichana yule akipata kazi Mombasa itakuwaje?

Kwenye familia tuna ubishi mwingine, na ningependa kusikia mnaufanyaje kwenu. Tumechanga fedha za bima, hazikutosha nyumba mbili. Mimi nilitaka tulipie nyumba ya shangazi, yeye ndiye mgonjwa. Shangazi hataki. Anasema mwanawe ana mke mjamzito na watoto wadogo, kusi li karibu, alipiwe yeye, kwa sababu shangazi anaweza kwenda zahanati bila mchango na mtoto wake akivunjika mguu baharini hawezi. Nilipinga. Halafu nikakokotoa kwa hesabu ya ngazi, zahanati kwa mfuko wa msingi, hospitali kwa mchango, na kwa hesabu hiyo shangazi amefikiri vizuri kuliko mimi.

Kwa hesabu ya kile kidole, sijui. Ami wawili wako upande wake, binti ami yuko upande wangu, na fedha bado ziko kwa mweka hazina wa familia, ambaye anasema ataamua baada ya Ijumaa.